Nani Aliyeileta Reli Kigoma?

Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike habari ya historia, kwa kuwa wapo wanaonikumbuka kama kijana wa Chama cha Mdahalo. Nimekubali kwa furaha. Lakini kabla sijamfundisha mtu historia, imenipasa kwanza nisahihishe kosa langu mwenyewe, nililolifanya katika ukumbi wa shule hii yapata miaka thelathini iliyopita.

Wengine mtaikumbuka hoja ya siku ile: kwamba Reli ya Kati ilijengwa kwa faida ya wananchi. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Katika kitabu kikuukuu cha maktaba nilikuwa nimeokota jina ambalo hakuna mwenzangu aliyelijua, jina la Bernhard Dernburg, Waziri wa Makoloni wa Ujerumani. Nikasimama nikasema kwa sauti kubwa kwamba pasipo Dernburg kusingekuwa na garimoshi Kigoma, na kwamba mtu huyo tunamdai shukrani. Tulishinda. Nikapewa zawadi ya madaftari sita.

Jumamosi nilishuka kutoka huku Bangwe nikaenda Ujiji kumwamkia babu, mzaa baba. Nilimkuta barazani. Nilipomweleza ushindi wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyo Mdachi wako alibeba mataruma mangapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo aliponieleza kwamba baba yake alifanya kazi ya kujenga tuta la reli upande wa mto Malagarasi, pamoja na ndugu yake mdogo. Mkubwa alirudi Ujiji. Mdogo alishikwa na homa akafa, akazikwa huko kando ya tuta, na kazi ikaendelea. "Katika maneno yako ya kushinda," akasema, "huyu ulimtaja?"

Sikuwa nimemtaja. Tangu siku hiyo swali la babu limekaa nami, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

Nianze mbali kidogo, huko Uswisi, kwa sababu historia ya nchi ile ina kioo kizuri cha kujitazamia. Mbele ya kituo kikuu cha reli cha mji wa Zürich imesimama sanamu ya mtu aitwaye Alfred Escher, iliyowekwa mwaka 1889. Escher alizaliwa Zürich mwaka 1819. Aliingia katika Bunge la nchi yake mwaka 1848, akakaa humo mpaka kufa kwake. Aliongoza kampuni ya reli, akawa miongoni mwa walioanzisha chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, na mwaka 1856 akaanzisha benki ili reli zipate mitaji ya nyumbani badala ya kutegemea wageni. Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa reli ya Gotthard, iliyopenya milima ya Alps kwa handaki la kilometa 15.

Kazi ya handaki ilianza mwaka 1872. Gharama zilizidi makadirio, watu wakanung'unika, na mwaka 1878 Escher akalazimika kujiuzulu. Miaka minne baadaye, mwaka 1882, reli ikafunguliwa, na mwishoni mwa mwaka huo huo yeye akafariki. Waliochimba handaki lenyewe, wengi wao walikuwa vibarua wa Kitaliano. Watu wapatao mia mbili walikufa humo kwa ajali. Mwaka 1875 vibarua waligoma, na wanne wakapigwa risasi wakafa. Hao nao wana kumbukumbu yao, sanamu ya ukutani ya mchongaji Vincenzo Vela, ionyeshayo vibarua wakimbeba mwenzao aliyekufa. Lakini iliwekwa kwenye kituo cha Airolo, penye mdomo wa kusini wa handaki, mwaka 1932, yaani miaka hamsini kamili baada ya reli kufunguliwa. Mkubwa alipewa sanamu upesi, na wadogo wakasubiri nusu karne.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya reli, njia ya kutoka pwani hadi ziwa letu ilikuwa ya miguu. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,200, na msafara ulihesabu safari hiyo kwa miezi. Mpagazi alijitwika ratili zipatazo 60, nguo na shanga wakati wa kuja, pembe za ndovu wakati wa kurudi. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na watu wa kwetu waliifahamu kila kisima chake. Nasema haya kwa sababu zamani nilidhani kwamba Wajerumani ndio waliobuni njia. La. Sehemu kubwa ya reli ilifuata mapito ambayo nyayo za watu wetu zilikwisha kuyachora: Morogoro, Tabora, Ujiji.

Wajerumani walipoitwaa nchi walisitasita kutumia fedha. Walianza na reli ya Tanga mwaka 1893, nayo ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 1904 iliundwa kampuni ya reli iliyoungwa mkono na mabenki, Deutsche Bank ikiwa mbele, na mwaka 1905 kazi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ikaanza. Kampuni ya Philipp Holzmann ndiyo iliyojenga. Mwaka huo huo wa 1905 ndipo vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini, na kabla ya kwisha mwaka 1907 vilikuwa vimeangamiza maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao kwa njaa.

Hapo ndipo anapoingia Dernburg. Alizaliwa Darmstadt mwaka 1865. Baba yake alikuwa mwandishi wa magazeti na mbunge. Yeye mwenyewe hakuwa mwanajeshi wala mtu wa ukoo wa kitawala. Alikuwa mtu wa benki. Alijifunza kazi hiyo New York, kisha akapanda ngazi hata akaongoza benki kubwa ya Darmstadt. Wakati huo habari za kashfa na mauaji katika makoloni ya Afrika zilikuwa zimelitia Bunge la Ujerumani ghadhabu. Mwezi Septemba 1906 Chansela Bülow akamwita Dernburg ashike idara ya makoloni, na mwaka 1907 idara hiyo ilipofanywa wizara, yeye akawa mkuu wake wa kwanza.

Mwaka huo huo wa 1907 alifunga safari kuja Afrika ya Mashariki kujionea. Alipanda reli ya Waingereza itokayo Mombasa, iliyokuwa imefika Ziwa Victoria mwaka 1901. Aliyoyaona hayakumpendeza: mazao ya Mwanza, iliyokuwa chini ya Wajerumani, yalivuka ziwa na kutoka nje kwa reli ya Waingereza, na nauli ikaingia mfuko wa Waingereza. Mtu wa benki haitaji kuelezwa mara mbili hasara ya namna hiyo. Aliporudi Berlin alisimama Bungeni kudai fedha za reli. Mwaka 1908 Bunge likaidhinisha reli ya kati isonge kutoka Morogoro mpaka Tabora.

Sharti nimtendee haki mtu huyu. Aliwaambia wabunge waziwazi jinsi alivyochukizwa kuwaona Wazungu wengi wa koloni wakitembea na viboko mikononi. Alifundisha kwamba mali kubwa kuliko zote katika koloni ni wenyeji wake, na kwamba mkulima Mwafrika akilima shambani kwake atazalisha kuliko akisukumwa kama ng'ombe kwenye shamba la setla. Gavana Rechenberg alikuwa na fikra hizo hizo. Masetla wakawachukia wote wawili.

Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Mali. Mali ina mwenyewe. Dernburg hakusema kwamba Mwafrika ni mwananchi mwenye haki ya kuulizwa reli ipite wapi. Alisema ni rasilimali isiyofaa kuharibiwa. Escher alijenga kwa kura za watu wake, nao wakaweza kumwondoa. Dernburg aliamua mambo ya Tabora na Kigoma katika Bunge ambalo hakuna Mnyamwezi wala Muha aliyelipigia kura. Hiyo ndiyo tofauti niliyoshindwa kuiona nilipokuwa kijana wa mdahalo.

Vibarua walipatikanaje? Wengine walikwenda kwa hiari wakitafuta fedha, na Wanyamwezi, waliozoea safari za mbali tangu enzi za misafara, walikuwa wengi sana. Lakini hiari hiyo ilikuwa na kamba shingoni, kwa sababu kodi ilidaiwa kwa rupia, na rupia hazikuota shambani. Wakandarasi wadogo wadogo, wengi wao Wagiriki, walipewa vipande vya kazi. Watu walifyeka msitu, wakachimba udongo kwa majembe, wakaumimina tutani kwa makarai na vikapu, wakapasua kokoto, wakalaza mataruma ya chuma na reli juu yake, upana wa mita moja. Homa, kuhara na ajali ziliwafuata kambi kwa kambi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kipande cha mwisho, kutoka Tabora hadi ziwani, kilikuwa na sababu zake. Ng'ambo ya ziwa Wabelgiji walikuwa wakivuta reli yao kuja ufukweni, nayo ilifika mwaka 1915 mahali paitwapo leo Kalemie. Kila upande ulitaka utajiri wa Kongo ya mashariki upitie kwake. Ndiyo maana Wajerumani walifanya haraka. Na ndiyo maana, ndugu zangu wa Ujiji, reli haikukoma Ujiji. Mji wetu ulikuwa na jina, na soko, na watu. Lakini ufuko wake ni wa maji machache. Ghuba ya Kigoma ina kina kirefu na imekingwa na upepo. Rasi yetu hii ya Bangwe ni mmoja wa mikono inayoikinga. Kwa hiyo kijiji cha wavuvi kikapata stesheni kubwa ya mawe, na mji wa kale ukaachwa kando. Mwanafunzi akisimama kilimani hapa Bangwe na kutazama bandari, anaona kwa jicho moja sababu ya uamuzi ule.

Tarehe 1 Februari 1914 reli ilifika Kigoma. Kutoka Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 1,250. Safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku.

Dernburg hakuwapo. Alikuwa amejiuzulu mwaka 1910, baada ya kugombana na wengi, zaidi juu ya almasi za Afrika ya Kusini Magharibi. Tazameni jinsi mambo yalivyofanana: Escher aliondoka miaka minne kabla ya reli yake kufunguliwa, na Dernburg miaka minne kabla ya garimoshi kufika ziwani. Baadaye, mwaka 1919, alikuwa Waziri wa Fedha kwa miezi michache tu, kisha akakaa Bungeni miaka kumi. Alifariki Berlin mwaka 1937. Ziwa letu hakupata kulifikia.

Na wenye reli hawakuifaidi sana. Miezi sita baada ya kufika Kigoma, vita kuu ya kwanza ikaanza. Mwaka 1913 meli ilikuwa imeundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalipanda reli hadi Kigoma, meli ikaungwa upya, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Goetzen. Mwezi Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Nani kati yetu aliyekulia pwani hii asiyekuwa na habari zake? Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka 1916 wakaishikilia hadi 1921. Na hata walipoondoka walibakiza bandarini eneo lao la kupitishia mizigo ya Kongo.

Basi, nani aliyeileta reli Kigoma? Nimekaa katika utumishi wa serikali zaidi ya miaka ishirini, na kazi yangu imekuwa ya mafaili na mipango. Humo nimejifunza kwamba jambo kubwa lina watu wanne. Yuko anayeamua, yuko anayetoa fedha, yuko anayetoa jasho, na yuko anayelipa gharama ambayo haikuandikwa katika hesabu. Katika reli yetu, aliyeamua ni Dernburg na Bunge lake. Waliotoa fedha ni mabenki na hazina ya Ujerumani, nao walitazamia faida. Waliotoa jasho ni maelfu ya watu kutoka Unyamwezi, Usukuma, Ugogo, Uha na kwingineko. Na aliyelipa gharama isiyoandikwa ni yule kijana aliyezikwa kando ya Malagarasi.

Wa kwanza yumo vitabuni, na mwaka wake wa kuzaliwa nimekupeni. Wa pili wana majengo yao na nembo zao. Wa tatu na wa nne wako wapi? Hapa ndipo ninapoona aibu. Babu alipokuwa akinisimulia habari ya yule marehemu alimwita "baba mdogo" tu, kama desturi. Mimi, mshindi wa mdahalo, niliyekuwa na jina la Mjerumani kichwani pamoja na cheo chake, sikumwuliza babu jina la mtu huyo. Nilidhani nitauliza likizo nyingine. Likizo nyingine babu hakuwapo. Nimeuliza wazee wote wa ukoo waliobaki, na hakuna anayelijua. Hivyo namfahamu mtu wa Berlin kuliko ndugu wa damu yangu aliyekufa akilaza reli ambayo mimi niliipanda, daraja la tatu, kwenda chuo kikuu.

Sisemi kwamba tumsahau Dernburg. Mwenye kuficha jina la mwamuzi hawezi kujifunza namna maamuzi yanavyofanywa. Wala sisemi kwamba reli haikutufaa. Dagaa wa Kigoma, mawese, na chumvi ya Uvinza vimesafiri juu yake; wagonjwa, wanafunzi na wakimbizi vilevile. Baada ya uhuru tuliifanya kuwa yetu, na watoto wa vibarua wakawa madereva wa injini na wakuu wa stesheni. Ninachosema ni kwamba manufaa yale tuliyafanya sisi. Reli ilijengwa ili ituvute kwenda bandarini kwa faida ya wengine. Sisi ndio tulioigeuza ikatuunganisha.

Jambo hili si la kale tu. Mwezi Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, na mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Safari hii Bunge ni letu, na deni ni letu pia. Wapo vijana waliosoma shule hii ambao watakuwa wahandisi, mafundi, makarani na vibarua wa kazi hiyo. Je, miaka mia ijayo mwanafunzi wa Bangwe atasoma majina ya nani?

Kwa hiyo ninalo ombi, nalo nawaelekeza kwanza ninyi mlioko madarasani. Kila mmoja wenu ana bibi au babu, au jirani mzee, Ujiji, Mwanga, Gungu, Kasulu, Uvinza. Likizo hii chukueni daftari. Waulizeni nani katika ukoo alibeba mizigo, nani alilaza mataruma, nani alifanya kazi bandarini, nani hakurudi. Andikeni jina, mahali, na neno lolote linalokumbukwa. Msingoje likizo nyingine. Mleteni daftari shuleni, na sisi tuliomaliza tutatafuta namna ya kuyahifadhi na kuyachapa.

Na sisi wakubwa, tutakapokutana kwenye sherehe, tujadili jambo moja: kuomba ruhusa ya kuweka jiwe dogo karibu na stesheni ya Kigoma, kwa ajili ya wale waliojenga. Vibarua wa Gotthard walisubiri miaka hamsini. Wetu wamekwisha kusubiri zaidi ya mia moja. Yakipatikana majina kumi, tuandike kumi. Na chini yake tuache mstari mmoja mtupu, kwa ajili ya baba mdogo na wenzake ambao sisi wajukuu tulichelewa kuwauliza.

Madaftari sita niliyopewa siku ya mdahalo niliyajaza zamani kwa masomo. Nimenunua jingine, na nimekwisha kuandika ukurasa wa kwanza. Karibuni tuujaze pamoja.